Tumbo Limepunguzwa, Mahitaji ya Mwili Hayajapunguzwa



Wauguzi wa umri wangu tulifundishwa kuutambua utapiamlo kwa watoto. Mtoto mwenye unyafuzi tunamjua: miguu imevimba, nywele zimebadilika rangi, na hataki kucheza. Mtoto aliyekonda tunampima mkono kwa utepe. Lakini siku hizi wodini tunapokea pia mgonjwa wa utapiamlo wa namna nyingine. Ni mtu mzima, mnene au aliyekuwa mnene hadi juzi tu, na nyumbani kwake chakula hakikukosekana. Huyu ni mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza unene.

Upasuaji huu sasa unafanyika Dar es Salaam na Nairobi, na wapo wanaoufuata India. Kwa mtu ambaye unene umemletea kisukari, shinikizo la damu au maumivu ya magoti yasiyomwacha atembee, unaweza kuwa msaada mkubwa. Sitaki kumtisha anayeuhitaji. Ninaandika kwa sababu baada ya upasuaji mgonjwa hurudi nyumbani. Daktari aliyempasua anabaki mbali, na wanaomtunza ni mume au mke, watoto, na sisi wa hospitali ya karibu. Sote yatupasa kujua jambo moja: tumbo limepunguzwa, lakini mahitaji ya mwili hayajapunguzwa.

Mama aliyesifiwa kwa kukonda

Nitawaeleza habari ya mama mmoja tuliyempokea, bila kumtaja jina wala mahali atokapo. Alikuwa na wiki sita tangu apasuliwe ng'ambo. Katika wiki tatu za mwisho alikuwa akitapika karibu kila anachokula. Watu wa nyumbani hawakushtuka. Walisema, "Si ndiyo dawa inafanya kazi? Tazama anavyopungua!" Jirani zake walimsifu.

Alipozidi kulegea alipelekwa kwenye kituo kimoja cha afya, akatibiwa malaria, kisha vidonda vya tumbo, akawekewa dripu za maji ya sukari. Alipofika kwetu macho yake yalikuwa yakichezacheza, hawezi kusimama bila kushikwa, na kila baada ya dakika chache aliuliza, "Sista, leo ni siku gani?" Daktari alipompima tumbo aliona makovu madogo matano. Alipouliza makovu yale ni ya nini, mume wake alinyamaza kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, alikatwa tumbo ili apungue. Alituomba tusimwambie mtu."

Alikuwa amepungukiwa vitamini B1. Alichomwa sindano za vitamini hiyo siku ile ile. Macho yalitulia baada ya siku mbili. Miguu ilichukua miezi kupata nguvu. Kumbukumbu yake haijarudi yote mpaka leo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mama huyu kifo hakikumuumbua, lakini kilifika mlangoni.

Ni nini hufanyika katika upasuaji huu?

Zipo aina kadhaa, lakini mbili ndizo zinazofanyika zaidi. Katika aina ya kwanza mfuko wa chakula hukatwa kwa urefu, na sehemu kubwa, yapata robo tatu au zaidi, huondolewa kabisa. Kinachobaki ni bomba jembamba lenye umbo la ndizi.

Katika aina ya pili daktari hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, cha kiasi cha mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Kisha huuleta utumbo mwembamba na kuuunganisha na kifuko hicho. Chakula sasa kinapita njia ya mkato. Hakipiti tena katika sehemu kubwa ya tumbo wala katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba.

Wengine huwekewa puto tumboni kwa miezi kadhaa, kisha huondolewa. Huu si upasuaji, lakini puto pia linaweza kumtapisha mtu, na atapikaye kwa muda mrefu ana hatari ile ile ya kupungukiwa vitamini.

Elimu hii imepatikana kwa gharama. Katika miaka ya 1960 na 1970, huko Marekani, wagonjwa wengi walifanyiwa upasuaji ulioruka karibu utumbo mwembamba wote. Walikonda kweli, lakini wengi waliharisha mfululizo, wakapata mawe kwenye figo, na wengine ini lilishindwa kufanya kazi kwa utapiamlo. Upasuaji ule uliachwa. Unaofanyika leo ni salama zaidi, lakini haukuondoa tatizo lote.

Kwa nini mwili unapungukiwa?

Sababu ni tatu. Kwanza, mtu anakula kidogo sana. Pili, tindikali ya tumboni imepungua, nayo ndiyo husaidia kutoa madini ya chuma na vitamini B12 katika chakula. Tatu, kwa waliounganishwa utumbo, chakula kinaruka mahali ambapo chuma na kalsiamu hufyonzwa kwa wingi. Ni kama mwenye gari la mizigo aliyepita barabara ya mkato: anafika mapema, lakini vituo alivyotakiwa kupakia mzigo amevipita.

Haya ndiyo mambo yanayopungua mara nyingi:

1. Protini. Hii ndiyo inayojenga mwili. Ikipungua, mtu hakondi mafuta peke yake bali nyama za mwili pia huisha. Huwa mnyonge, vidonda haviponi upesi, na miguu inaweza kuvimba kama ya mtoto mwenye unyafuzi. Nywele kupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita huwapata wengi kwa sababu ya kupungua uzito haraka, na kwa kawaida huota tena. Zikiendelea kupukutika baada ya hapo, protini, chuma na zinki vichunguzwe.

2. Vitamini B1. Mwili huweka akiba ndogo mno ya vitamini hii, ya wiki mbili au tatu hivi. Ndiyo maana anayetapika anaweza kuharibikiwa ubongo na mishipa ya fahamu kabla hata hajakonda sana. Mwaka 1881 daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza dalili zake: macho kuchezacheza au kushindwa kugeuka, kuyumba wakati wa kutembea, na akili kuchanganyikiwa. Dalili si lazima zionekane zote pamoja.

3. Madini ya chuma. Upungufu wake huleta uchovu, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, na wengine hutamani kula udongo au barafu. Wanawake wanaopata hedhi wako katika hatari zaidi.

4. Vitamini B12. Akiba yake kwenye ini inaweza kudumu miaka, na hapo ndipo penye mtego. Mtu huona yuko salama, akaacha vidonge, na baada ya miaka miwili au mitatu anaanza kuhisi ganzi na moto katika nyayo, ulimi unauma, na anakuwa msahaulifu. Mishipa ya fahamu iliyokaa muda mrefu bila B12 huenda isipone yote. Wanaotumia metformini kwa ajili ya kisukari au omeprazoli kwa ajili ya tumbo waangaliwe zaidi, kwa kuwa dawa hizo nazo hupunguza ufyonzwaji wa B12.

5. Kalsiamu na vitamini D. Upungufu huu ni wa kimya. Damu ikikosa kalsiamu, mwili huichukua kutoka kwenye mifupa, hivyo kipimo cha kalsiamu katika damu kinaweza kuonekana kizuri huku mifupa ikiendelea kudhoofika.

Kula kwa namna mpya

Wiki za kwanza mgonjwa hufuata maagizo ya daktari wake: vinywaji kwanza, halafu vyakula laini, kisha vigumu kidogo kidogo. Baada ya hapo kanuni ni hizi.

Anza na protini. Mboga hufuata, na wanga huwa mwisho. Kwa desturi yetu ugali hujaza sahani na kitoweo huwa pembeni. Kwa mgonjwa huyu tunageuza: kitoweo ndicho chakula, na ugali ni tonge mbili tatu kama nafasi imebaki. Mtu mzima aliyepasuliwa anahitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku, na wengine huambiwa zaidi. Zinapatikana katika vyakula vyetu. Tazama mfano huu wa siku moja, uliogawanywa katika milo midogo mitano au sita:

- Mayai 2: gramu 12
- Mtindi kikombe kimoja: gramu 8
- Samaki aliyepikwa, gramu 60: gramu 14
- Maharage yaliyopondwa, nusu kikombe: gramu 7
- Dagaa wakavu, gramu 20, waliosagwa na kuungwa: gramu 10
- Maziwa kikombe kimoja: gramu 8
- Siagi ya karanga, kijiko kimoja cha chakula: gramu 4

Jumla ni gramu 63. Hesabu hizi ni za kukadiria, lakini zinaonyesha kwamba si lazima kununua unga wa protini wa makopo, ingawa mwezi wa kwanza unaweza kusaidia.

Tafuna sana na kula polepole, kama dakika 20 hadi 30. Nyama kavu, chapati, mkate mweupe na ugali mgumu hukwama kwa urahisi.

Usinywe maji pamoja na chakula. Ngoja kama nusu saa baada ya kula. Lakini katika siku nzima kunywa lita moja na nusu au zaidi, funda dogo dogo, kwa maana upungufu wa maji nao hurudisha wengi hospitalini.

Epuka soda, juisi tamu na chai yenye sukari nyingi. Kwa aliyeunganishwa utumbo, sukari huteremka kwa kasi, naye hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, na huharisha. Pombe nayo hulevya upesi kuliko zamani.

Msidanganyike kwamba mchicha na matembele vitatosha kwa yote. Ni mboga nzuri, lakini hazina vitamini B12. Hiyo inatoka kwenye nyama, maini, samaki, mayai na maziwa.

Vidonge ni vya maisha

Hata mtu akila vizuri namna gani, chakula peke yake hakitoshi baada ya upasuaji huu. Kwa kawaida mgonjwa huhitaji vidonge vya mchanganyiko wa vitamini na madini kila siku, pamoja na chuma, kalsiamu, vitamini D na B12. Kalsiamu huwa miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, ikigawanywa mara mbili au tatu, na ya aina ya sitreti hufyonzwa vizuri hata tindikali ikiwa kidogo. Mwanamke mwenye hedhi mara nyingi hupewa chuma miligramu 45 hadi 60. Vitamini B12 inaweza kutolewa kwa kidonge kila siku, au kwa sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi, ambayo hospitali yoyote inaweza kuichoma. Kipimo chako apange daktari.

Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, maana vinashindana. Viachane kwa saa mbili. Chuma pia kisimezwe na chai wala kahawa. Panga hivi: chuma asubuhi kwa maji, kalsiamu mchana na jioni.

Wapo wanaoniambia, "Sista, mimi natumia vile vidonge vya damu vya kliniki ya wajawazito, vinatosha." Havitoshi. Vile vina chuma na asidi ya foliki tu. Havina B12 wala B1.

Damu ipimwe baada ya miezi 3, miezi 6, mwaka mmoja, na kisha kila mwaka, hata kama mtu anajisikia vizuri. Wenye kisukari na shinikizo la damu wapimwe mapema zaidi, kwa kuwa dozi za zamani zinaweza kuwa kubwa mno kwa mwili uliopungua. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zisinunuliwe ovyo dukani, maana zinaweza kuleta vidonda, hasa kwa aliyeunganishwa utumbo.

Kwa akina mama, na kuhusu mfungo

Mwanamke akipungua, hedhi iliyokuwa imevurugika mara nyingi hurudi sawa, naye anaweza kushika mimba bila kutarajia. Ni vema kungoja miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, kwa kuwa katika kipindi cha kukonda haraka mama na mtoto wote watakosa virutubisho. Mume na mke walizungumze jambo hili mapema na mhudumu wa afya. Mimba ikishaingia, mama aeleze kliniki tangu siku ya kwanza kwamba alipasuliwa. Asiache vidonge.

Wakati wa Kwaresima, mgonjwa aliyepasuliwa asijilazimishe kufunga chakula. Kanisa haliwadai wagonjwa mfungo huo. Anaweza kujinyima mambo mengine.

Dalili za hatari

Mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja akiwa na mojawapo ya haya:

- kutapika kila anachokula kwa siku 2 au 3, au kushindwa kumeza hata maji;
- macho kuchezacheza, kuona vitu viwili viwili, kuyumba au kuchanganyikiwa;
- ganzi au udhaifu wa miguu unaopanda;
- miguu kuvimba, kuishiwa pumzi au kuzimia;
- choo cheusi kama lami;
- maumivu makali ya tumbo.

Mkifika hospitali, yasemeni haya waziwazi: "Mgonjwa wetu alifanyiwa upasuaji wa kupunguza unene tarehe fulani. Ametapika kwa siku kadhaa. Tunaomba mfikirie vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari." Sababu ni kwamba mwili hutumia B1 kuichoma sukari. Sukari nyingi ikiingia wakati akiba ya B1 imekwisha, kile kidogo kilichobaki humalizika, na ubongo unaumia zaidi. Ikiwa sukari ya mgonjwa imeshuka, haingojewi, bali vyote viwili hutolewa pamoja. Maneno hayo machache yangeweza kumwokolea yule mama kumbukumbu yake.

Neno kwa familia

Anayetaka kupasuliwa aulize kabla ya kulipa: Ni upasuaji wa aina gani? Nani atanifuatilia nikirudi nyumbani? Vidonge na vipimo vya kila mwaka vitagharimu kiasi gani? Nimeona ukoo ukichanga fedha za upasuaji na nauli, lakini baada ya mwaka hakuna aliyetenga fedha za vidonge. Fedha za vidonge ni sehemu ya gharama ya upasuaji.

Akirudi, aombe barua yenye jina la upasuaji na tarehe, iwekwe pamoja na kadi yake ya kliniki, na angalau mtu mmoja nyumbani ajue ilipo. Barua hiyo isifungiwe sandukuni.

Kwetu sisi jirani na wanajumuiya, tupunguze maneno. Watu hawa huficha kwa sababu walichekwa walipokuwa wanene, na wanaogopa kuchekwa tena kwamba walikatwa tumbo. Aibu hiyo ndiyo iliyomnyamazisha mume wa yule mama mbele ya daktari. Ukimwona mwenzako anakonda, usikimbilie kumsifu wala kumsengenya. Muulize kwa upole: "Dada, unakula? Chakula kinakaa tumboni?" Akisema hakikai, msindikize hospitali.

Yule mama bado anakuja kliniki yetu kila mwezi kwa sindano yake ya B12. Mume wake humleta, ameshika daftari, maana mama mwenyewe husahau tarehe. Mara ya mwisho mume aliniambia, "Sista, siku hizi tukifika popote nasema kwanza alipasuliwa, ndipo natoa salamu." Nilicheka naye, nikamwambia aendelee hivyo hivyo.